Baba Gwantwa Anachagua Chuo

Jumatatu, 15 Julai

Matokeo ya kidato cha sita yametoka na binti yangu Gwantwa amefaulu. Amefaulu vizuri kabisa! Asubuhi nzima nimetembea mpakani shingo juu, mpaka ofisa mmoja wa forodha akaniuliza kama nimelalia mto vibaya. Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, mtu wa karatasi za malori, na sijawahi kuchelewesha mzigo kwa sababu ya furaha. Leo nimechelewesha malori ya mbolea. Wenye mbolea wamenuna. Wanune tu.

Jioni mtoto akatuketisha, mimi na mama yake. Akasema anataka kwenda chuo kikuu kusomea muziki. Si kufundisha muziki, wala si historia ya muziki. Kupiga! Kupiga tarumbeta mbele za watu mpaka apewe shahada. Nikasema vizuri sana, kipaji ni cha Mungu, nani akizuie. Nilikuwa mpole hivyo kwa sababu nilidhani shahada yenyewe inapatikana Mbeya. Kisha nikauliza ni wapi hasa. Akasema Dar es Salaam au Arusha.

Arusha! Mtu akitoka huko akapotea njia kidogo, yuko Kenya.

Sikuonyesha kitu usoni. Nikatamka wazi kwamba mzazi wa kisasa hamchagulii mtoto chuo. Mke wangu Anna akanikazia macho kama anachambua mchele.

Nimeamua. Gwantwa atachagua mwenyewe, kwa uhuru wake wote. Ila atachagua cha karibu.

Jumatano, 17 Julai

Nimepata! Zambia!

Sijui kwa nini sikuiona mapema. Zambia iko ng'ambo ya barabara. Mkate tunanunua Nakonde. Kuku wa jirani wanavuka mpaka bila pasipoti na jioni wanarudi kulala. Nimeulizia, nikaambiwa Lusaka kuna chuo kinachofundisha muziki. Nikamwambia Gwantwa, mbele ya wageni waliokuja kumpongeza, kwamba atasoma kwa Kiingereza kilichonyooka, na kila Ijumaa jioni atakuwa nyumbani anakula kande za mama yake. Wageni wakapiga makofi. Gwantwa akasema ahsante baba, nitafikiria.

Aliyeharibu kidogo ni Mwalimu Yesaya, kiongozi wa kwaya yetu ya tarumbeta kanisani. Akakohoa. Huyu mzee ana kikohozi chake cha kupinga mambo. Ndiye aliyeninyang'anya kornet, ile tarumbeta ndogo, nikiwa kijana, akanipa besi, lile dude la kukumbatia, akasema Ambwene ana mapafu ya besi. Kornet ile ile baadaye akampa binti yangu, bado mtoto mdogo, meno ya mbele hayajaota. Sina kinyongo. Ila naandika tu ijulikane.

Ijumaa, 19 Julai

Aibu.

Leo nilikuwa na dereva Mzambia, Lucky, kijana mcheshi anayesubiri lori lake liachiliwe. Nikamtambia. Nikamwambia binti yangu anakwenda kusoma Lusaka, hapo tu. Lucky akacheka mpaka akashika bampa. Akasema bamudala, yaani mzee, kutoka hapa, Lusaka ni mbali kuliko Dar es Salaam.

Nikabisha. Nikamwambia mimi nimegonga mihuri ya Zambia tangu yeye hajajua kuvaa viatu. Akatoa simu, akanionyesha barabara. Inakwenda, inakwenda, inapita misitu, inakwenda tena. Kumbe nimeishi mpakani miaka yote hii nikiamini Zambia nzima iko pale getini!

Nilirudi nyumbani nikamwambia Gwantwa kwamba nimetafakari, Lusaka hapana, hali ya hewa haifai mapafu. Akasema sawa baba. Alikuwa anajua tangu Jumatano kuwa ni mbali. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya wageni. Hayo ndiyo malezi, na mimi ndiye niliyemlea. Nilifurahi kidogo, kisha nikaumia upya.

Jumamosi, 20 Julai

Mpango mpya. Huu ni wa kiroho, kwa hiyo hauwezi kushindwa.

Sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini na tarumbeta kuwaamsha marehemu kwa habari ya ufufuo. Katika ushirika wetu tunajigawa. Kundi moja linaanza wimbo langoni mwa kanisa, jingine linaitikia kutoka kule kwenye makaburi, gizani. Langoni anaongoza Yesaya. Makaburini tangu marehemu mwalimu msaidizi afariki hakuna mtu wa kuaminika. Pasaka iliyopita walioko makaburini waliitikia wimbo mwingine kabisa.

Basi nimekwenda kwa Yesaya na kuku mkononi. Nikamwambia Gwantwa afanywe mwalimu msaidizi. Mwalimu msaidizi anawekewa mikono mbele ya madhabahu, na aliyewekewa mikono hawezi kuaga ovyo ovyo na kwenda kupanda basi la Arusha. Hiyo sehemu ya pili sikuisema. Yesaya akakohoa. Akasema wazo ni jema kuliko ninavyodhani, atalipeleka baraza la wazee. Kuku akampokea.

Jumapili, 28 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mchungaji akatangaza kwamba baraza la wazee limepokea ombi la Mzee Ambwene. Nikanyoosha tai. Akasema baraza limekubali kwa sauti moja kuwa Gwantwa ndiye mwalimu msaidizi wa kesho. Nikasema amina, ya kwanza kabisa, mpaka watu wakageuka. Kisha akaendelea. Akasema mwalimu asiyesoma ni kipofu anayeongoza kipofu, kwa hiyo ushirika mzima unamtoa binti huyu akasome muziki popote Bwana atakapomwelekeza, hata kama ni miisho ya dunia.

Miisho ya dunia! Alisema hivyo hivyo.

Gwantwa akapiga magoti mbele. Wazee wakaweka mikono kichwani pake. Akina mama wakapiga vigelegele. Halafu mchungaji akaniita baba mzazi nitoe shukrani, kwa kuwa wazo lilikuwa langu. Nikashukuru. Nilisema ni ndoto yangu ya siku nyingi. Nikapangusa macho kwa tai na watu wakadhani ni furaha.

Yesaya hakukohoa hata mara moja. Alikuwa anatabasamu. Kuku wangu alikwisha kuliwa siku nyingi.

Jumatano, 31 Julai

Anna amesema niache. Nikamuuliza niache nini. Akasema ninajua. Nikasema sijui. Akasema basi niache hicho hicho nisichokijua.

Jumamosi, 3 Agosti

Vyuo vinataka video. Mwombaji ajirekodi akipiga, mwanzo hadi mwisho, bila kukatakata. Nikajitolea kurekodi. Simu yangu ndiyo yenye kamera nzuri, na maombi yote amejaza kwa namba yangu, maana simu yake kioo kimepasuka. Nikasema pia kwamba mimi najua mahali pazuri, penye mwanga.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Nilimpeleka kwenye foleni ya malori. Foleni yote ilikuwa inanguruma, honi, makondakta wanagombana Kibemba na Kiswahili, mama mmoja anatangaza vitumbua. Nikamwambia asimame hapo hapo, katikati ya lori la shaba na lori la saruji. Nikajisemea wakisikia makelele haya watamwambia ajaribu mwakani. Mwaka mmoja tu. Sikuomba zaidi ya mwaka mmoja.

Gwantwa alitazama foleni, akanitazama mimi, akafuta mdomo wa kornet kwa kanga. Akaanza.

Alipiga ule wimbo wa maziko ambao mama yangu aliupenda, Mungu amrehemu, tulipomzika Isongole. Taratibu kabisa. Lori la shaba likazimwa. Nikageuka kumwonyesha dereva ishara awashe, haki ya Mungu nilifanya hivyo, lakini dereva mwenyewe alikuwa Lucky, na amevua kofia. La saruji likazimwa. Na la nyuma yake. Mama wa vitumbua akaketi juu ya ndoo. Foleni ya Tunduma, ambayo sijawahi kuisikia imenyamaza hata siku moja, ikanyamaza.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kudondosha simu. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikaziba pumzi, nikarekodi mpaka nukta ya mwisho bila kutikisika. Alipomaliza Lucky akasema natotela, natotela sana, ndiyo asante ya Kibemba, kwa sauti ya mtu aliyetoka kanisani. Mimi nikasema jua limenichoma macho.

Video ni nzuri mno. Mikono yangu mwenyewe imenisaliti.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Watu wote Mbeya kwenye maonyesho. Sisi tupo nyumbani. Gwantwa amekuwa akifanya mazoezi ya skeli, sauti zikipanda na kushuka, nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Nimekaa jikoni nikijifanya natengeneza jiko la mkaa. Halina ubovu wowote.

Jumanne, 3 Septemba

Amepata! Amepata vyote viwili, Dar na Arusha!

Nilipiga kelele pale ofisini. Kisha nikasoma ujumbe mpaka mwisho. Mtu aliyepata vyuo viwili lazima athibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitisha imekuja kwenye simu yangu. Asipothibitisha kabla dirisha halijafungwa, nafasi inapotea.

Nikafikiri. Dar, mtu anaondoka asubuhi na kabla hajalala amefika. Mtoto akipatwa na mafua mimi napanda basi, nafika na limau. Arusha ni kulala njiani. Kwa hiyo sasa mimi ni mtu wa Dar. Zamani nilikuwa siipendi Dar. Binadamu hubadilika.

Nyumbani nikamwambia amepata kote. Tukakumbatiana, Anna akalia. Namba ya siri sikuitaja. Si kwamba nimeificha, nimeitunza. Atakapotamka mwenyewe, kwa kinywa chake, neno Dar, nitampa saa hiyo hiyo.

Alhamisi, 5 Septemba

Hajatamka. Hata hajauliza. Anaimba anapoosha vyombo. Watoto wa siku hizi hawana wasiwasi na maisha yao.

Simu inanitesa. Nikiiacha mezani Anna anaweza kuisoma. Nikiiweka mfukoni naona kama inawaka moto. Jana nililala nayo ndani ya soksi. Leo mazoezi ya tarumbeta, sikutaka Gwantwa aione, nikaitumbukiza ndani ya ule mdomo mpana wa besi. Nani atatafuta simu humo?

Tulikuwa tunapiga wimbo wa maziko ya kesho, wimbo mzito, marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Besi yangu ikatoa mlio wa kondoo aliyebanwa. Yesaya akasimamisha kwaya. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni unyevu. Tukaanza upya. Kwenye ubeti wa pili simu ikaita. Ndani ya besi! Sauti ikatoka kubwa mara kumi, bongo fleva, ule mlio mtoto wa dada aliniwekea wakati wa Krismasi. Kanisa zima likatetemeka.

Nikainamisha besi, nikaitikisa. Simu ikatoka kama ndama anavyozaliwa. Kwaya nzima ilikuwa chini inacheka, isipokuwa Gwantwa. Yeye alikuwa ananitazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Aliyepiga ni Lucky. Aliuliza tu kama binti amepata chuo.

Jumamosi, 7 Septemba

Sikulala vizuri. Niliota mtoto wangu amezeeka, amekaa ofisini kwangu, anagonga mihuri ya mbolea, na kornet inaning'inia ukutani na utando wa buibui. Nikaamka jasho tupu.

Tulipomaliza chakula cha mchana nikasimama. Nikasema nina jambo. Nikatoa simu, nikaiweka mbele ya Gwantwa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Nikasema namba ya siri ilikuja tangu Jumanne, nimekaa nayo, nimefanya vibaya, na sasa athibitishe chuo anachokitaka hata kiwe juu ya Kilimanjaro kwenyewe.

Kisha Anna akasema alisoma ujumbe ule Jumanne ile ile jioni, simu ilipokuwa inachajiwa na mimi niko bafuni. Akampa mtoto namba. Gwantwa amethibitisha Arusha kabla sijamaliza kuoga!

Nimelala na simu ndani ya soksi kwa ajili gani?

Nikauliza kwa nini Arusha. Akaeleza vizuri, bila haraka. Alikwisha kuzungumza na vyuo vyote kwa simu ya Mwalimu Yesaya. Dar mwaka huu wangemfundisha zaidi kuimba na kinanda, ambavyo ni vizuri kwa anayevipenda. Arusha yupo mwalimu anayepiga tarumbeta mwenyewe, na alipoiona ile video aliuliza iwapo foleni ya malori ilikodiwa. Akasema, baba, mimi nataka kukaa chumba kimoja na mtu anayejua ninachokosea. Hata mimi ningetaka hivyo, enzi zangu, kabla ya besi.

Halafu akasema anajua kuhusu Zambia, kuhusu ualimu msaidizi, na kuhusu foleni. Akasema hakukasirika. Ila akaniomba jambo moja. Kama sitaki aondoke, nimwambie hivyo kwa maneno, nisimzungushe kwa mipango.

Nikamwambia. Sitaki uondoke, mwanangu. Nyumba hii nimezoea kuisikia, sijui nitaishije nayo ikinyamaza. Nikalia mbele ya mke wangu na mabakuli. Gwantwa akaja akaketi chini karibu na kiti changu kama alivyokuwa akiketi zamani, akasema na yeye anaogopa, tena sana, lakini atakwenda. Nikasema nenda. Nilisema kwa kweli, si kwa ujanja.

Nikaahidi mbele ya Anna kwamba sitafanya mpango tena. Hata mmoja. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Jumanne, 22 Oktoba

Ameondoka.

Kwaya nzima ilikuja stendi alfajiri na tarumbeta. Abiria walidhani kuna mkubwa anasafiri. Nilipiga besi tangu mwanzo hadi basi lilipowasha taa, kisha pumzi ikagoma. Mdomo ulikuwa kwenye besi lakini hakuna kilichotoka. Yesaya alikuwa kando yangu. Hakukohoa. Akaacha sehemu yake, akapiga yangu ya besi kwa kornet yake, juu juu huko, ili wimbo usianguke. Miaka yote hii namsema huyu mzee.

Gwantwa alipunga mkono dirishani mpaka basi likapinda kuelekea Vwawa. Tulipofika nyumbani Anna akapika chakula cha watu watatu. Tukakitazama.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mtoto amefika salama. Alipiga simu jana, akasema baridi ya huko ni kama ya Ileje na mwalimu wake ni mkali. Alikuwa na furaha. Nami nikafurahi, na sikumuuliza lini anarudi, ila mara tatu.

Usiku nilikaa nikawaza, na leo asubuhi nimeingia kwa bosi. Kampuni yetu ina ofisi nyingine Namanga, kwenye mpaka wa Kenya. Malori ni malori, mihuri ni mihuri. Na kutoka Namanga hadi Arusha mtu anakwenda na kurudi kabla ugali haujapoa. Bosi akauliza kama nimegombana na mtu hapa Tunduma. Nikasema hapana, daktari amenishauri hewa ya kaskazini. Akasema nafasi ipo kuanzia Januari. Nikamshika mkono pale pale.

Gwantwa nitamwambia ofisi ndiyo iliyonihamisha, nami nilikataa sana. Huu si mpango. Mipango nimeacha, niliahidi. Huu ni uhamisho wa kikazi.

Anna nitamwambia tukishapakia vitanda.